Bitana ya Bibi Salha

Siku hizi mapazia halali ni yale yanayoonyesha ndani ya nyumba, nami fundi Shekue nayashona huku nikichekacheka kama zuzu.

Bibi yangu Salha kafiwa na mumewe, yumo edani, na mtaa mzima unamtazama dirishani akilia.

“Mjukuu wangu, nitilie pazia bitana nzito, kitambaa cha ndani kisichopitisha macho.”

“Bibi, unataka tufungwe jela pamoja? Mimi nakoroma!”

Alicheka, kisha akajifunika uso kwa mikono. Hapo ghadhabu ikanipanda. Nikashona bitana mbili, nyeusi tititi.

Asubuhi watu walijaa nje.

“Mnaficha nini humo?”

“Kuna mjane analia!” nikafoka. “Hamjashiba kumtazama? Nendeni makwenu!”

Hakuna aliyeondoka. Waliagiza viti, wakaketi, wakalikodolea macho dirisha.