Cherehani ya Dirishani

Mgeni alipiga hodi, akapiga tena, kisha akaingia bila kukaribishwa. Cherehani zilikuwa zikinguruma na hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka.

"Watu wako wana kiburi, binti," alisema.

"Ni viziwi, mzee. Karibu sana."

Dada mwenye kiwanda alikanyaga sakafu kwa kisigino. Mtikisiko ukapita kwenye mbao, vichwa vikainuka, mikono ikapunga salamu.

Mgeni alikuwa meneja wa hoteli, na alitafuta mahali pa kushonesha sare za wafanyakazi wake wote. Dada alikuwa ameacha kazi nzuri ya ofisini ili afungue kiwanda hiki, viziwi wapate riziki kwa jasho lao. Wengi walimpongeza, wachache walinunua. Leo asipopata kazi hii, mlango utafungwa.

Meneja alivaa koti la mfano, akasimama mbele ya kioo kirefu cha kupimia, akavuta tumbo ndani.

"Mshono umetulia. Halafu hapa hakuna umbeya! Ningemleta mke wangu apone."

"Umbeya upo, mzee, tena wa moto. Hausikiki tu."

Meneja akacheka. Dada naye akacheka, nusu ya kweli, nusu ya biashara.

"Fundi wangu wa zamani alijaza ndugu zake kiwandani," meneja aliendelea, akijigeuza huku na huku. "Mara mama anaumwa, mara shangazi anaolewa. Shangazi mzima! Wahudumu wangu wakabaki na matambara. Biashara na ukoo mimi sichanganyi tena."

"Nakuelewa, mzee."

"Na hawa mabubu, wanaelewa unachowaambia?"

Neno lile lilimchoma. Siku zote aliyelitamka alirekebishwa papo hapo, awe mgeni au askari. Leo dada alitabasamu tu. "Wanaelewa, mzee." Akahisi masikio yakipata moto. Aibu hii aliijua. Alidhani aliiacha shuleni pamoja na sare.

Meneja alionyesha kwa kidevu. "Na yule bibi wa dirishani? Naona wenzake wameshafika kwenye mikono ya shati, yeye bado anahangaika na kola. Umemtoa wapi?"

Kiwanda kilikuwa na sheria moja ambayo dada aliiweka mwenyewe: ukiongea, usimpe mtu mgongo. Mafundi wengi walisoma midomo, na bibi wa dirishani alikuwa bingwa wao. Alisoma hata mdomo wa mtu anayetafuna.

Dada akawapa wote mgongo. Akajifanya ananyoosha bega la koti la meneja.

"Yule? Nilimwokota tu, mzee. Nilimwonea huruma. Sare zako hatazigusa."

Meneja alijitazama mara ya mwisho, akaridhika. "Basi tumeelewana. Wiki ijayo njooni mchukue vipimo."

Alipoondoka, dada aliwapa mafundi habari kwa ishara. Mikono yote ikapaa hewani, ikatikisika kama majani. Hivyo ndivyo walivyoshangilia. Fundi mmoja alipanda juu ya kiti akacheza. Dada naye aliinua yake, akaishusha upesi. Neno la biashara tu, alijiambia. Kazi imepatikana, watu watakula, na lililosemwa hakuna aliyeliona.

Mikono ya bibi wa dirishani haikupaa.

Dada alimwendea, akapiga magoti kando ya cherehani yake. "Tumepata kazi!" alimwambia kwa ishara.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua mkasi, na kwa ncha yake akaonyesha kule alikosimama meneja.

Dada aligeuka. Kioo kirefu kilikuwa palepale, kimeelekea dirishani, na ndani yake aliuona uso wake mwenyewe, mdomo wazi, waziwazi kama mchana.

Alipomrudia bibi, mkasi ulikuwa umeshawekwa chini. Mikono iliyompakata siku aliyozaliwa, iliyomfundisha kuongea kabla ulimi wake haujajua kutamka, ikamwuliza polepole:

"Mwanangu, uliniokota wapi?"