Mgongaji wa Upande wa Pili

Ko! Ko! Ko! Ukuta ukagongwa tena, na Mzee Cleopas akaushusha upinde wa fidla kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi.

Alikuwa ameketi kitandani. Tangu avunjike nyonga kiwandani, ngazi za nyumba ile ya mtaa wa Saltley, Birmingham, zilikuwa zimemshinda. Miezi saba hakukanyaga barabara. Kilichombakia ni dirisha, fidla, na banjo aliyofundishwa kupiga na askari Mmarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Manjit, mwenye nyumba, mama Mhindi wa Kisumu aliyehamia huku na Kiswahili chake, akaingia na sahani. Kila siku alimkatia chapati vipande vidogo vidogo, kwa kuwa meno ya mzee yalikuwa yamebaki machache.

"Mama, nani amehamia hapo upande wa pili?"

"Sijamwona uso, Mzee. Nimeona tu sare ya nesi imeanikwa kwenye kamba. Kwani?"

"Basi tu."

Hakumwambia. Kule mtaa wa Hockley, alikopanga kwanza, majirani walianza hivi hivi, kugonga ukuta, na wiki ya tatu vyombo vyake vikawa nje kwenye mvua. Wakati ule alikuwa na miguu. Sasa angekwenda wapi?

Kesho yake alipachika kitambaa chini ya nyuzi za fidla kupunguza sauti, akapiga polepole wimbo wa baba yake, wimbo wa Butere, kwao magharibi mwa Kenya. Huko ulikuwa wa watu wawili. Huku Uingereza ameupiga peke yake miaka thelathini. Ko! Ko! Ko! Akaharakisha ili amalize. Kugonga nako kukaharakisha. Akashika banjo. Kukamfuata hata huko.

"Ana hasira huyu," akajisemea. "Na ni haki yake. Nesi hukesha na wagonjwa. Mchana anataka kulala."

Akalegeza nyuzi, akasukuma fidla na banjo chini ya kitanda. Siku nne chumba kikawa kimya, naye akahesabu maua ya karatasi ya ukutani. Chapati zikawa zinarudi jikoni bila kuguswa.

Siku ya tano, alasiri, akasikia nyayo za watu wawili ngazini.

"Mzee," Manjit akaita mlangoni, "jirani amekuja. Ana neno na wewe."

Akaingia msichana mweusi aliyevaa sare, jina lake, Truphosa, limebandikwa kifuani. Mkononi ameshika mwiko wa ugali. Cleopas akajisogeza nyuma kitandani mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nisamehe, binti," akasema kwa Kiingereza. "Sitapiga tena. Wasinitoe tu humu."

Truphosa akainama, akaivuta fidla kutoka uvunguni, akaipangusa vumbi kwa upindo wa sare yake, akamwekea mapajani. Kisha akaketi karibu na mguu wa kitanda, mwiko tayari.

"Hee, babu! Nani akutoe?" akajibu kwa Kiswahili. "Kwetu Butere mpiga fidla haachwi apige bila mgongaji wa kumshikia mdundo. Siku nne nimekaa na mwiko ukutani, nakungoja uanze."