Mchoro Unaokua

Mgeni alikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai kabla Chepkurui hajapata moyo wa kufungua laptopu.

Hakuwa vile alivyomtarajia. Kampuni ya Nairobi iliposema itamtuma meneja wake, Chepkurui aliwaza gari kubwa na viatu vinavyong'aa. Huyu alikuwa ameingia Sosiot kwa pikipiki, na gambuti zake ziko pale mlangoni. Lakini mvua ilinyesha usiku kucha na barabara ilikuwa uji mtupu. Huyu ni mtu mwenye akili, Chepkurui alijiambia.

"Wewe ndiye kampuni imetuma?" alikuwa amemuuliza mlangoni.

"Ndiyo, mama. Nimetumwa hapa kwenu."

Kwa miaka Chepkurui alikuwa akiwachorea wakulima wa ushirika wa chai: namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi, mahali pa kupogoa, ugonjwa unavyoanza kwenye jani. Michoro yake ilikuwa ya ile aina ya wazi, isiyo mali ya kampuni yoyote, inayoundwa kwa mistari badala ya vitone. Mkulima aliweza kuikuza kwenye simu mpaka jani moja likajaza kioo, na bado likawa safi. Shida ilikuwa moja tu. Programu ya kampuni hii, ambayo ofisi ya ushirika iliandikia kila kitu, haikuitambua. Penye mchoro ilionyesha kisanduku kitupu. Mwenyekiti alikuwa amechoka na visanduku. Kampuni ikikataa kuiunga mkono michoro ya aina hiyo, kazi ingepewa mpiga picha wa mjini.

Kogo Jerusa, mama mkwe wake, alikuwa amekataa katakata kukaa na watu wa kompyuta, akaenda zake zizini. Huko ng'ombe alilia tena, kama alivyolia tangu alfajiri.

"Samahani na hiyo kelele," Chepkurui alisema.

"Hiyo kelele haina shida, mama. Ni nzuri, hata."

Mtu mpole kweli. Chepkurui akageuza laptopu.

"Kumbe siku hizi mnaweka kila kitu kwa kompyuta?" mgeni alishangaa. "Vizuri sana."

"Lakini ona mwenyewe. Tumejaribu mara tatu na kila mara ni tupu."

"Tatu na zote tupu?" Mgeni alitikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana. Hapo lazima tubadilishe."

Chepkurui akajikaza. Sasa ndio wakati. "Niambie ukweli. Nyinyi mnakubali kitu cha wazi, ama mnataka tufungwe na kampuni moja?"

"Sisi hatufungi mtu!" Mgeni aliweka kikombe chini. "Ukitaka ya Uholanzi, tunaleta. Ya Amerika, tunaleta. Chaguo ni lako."

"Mimi nataka ile inakua bila kuharibika."

"Itakua mpaka majirani waje kuangalia."

"Na tutaiona lini?"

"Hapo sitakudanganya, mama. Hii si kitu ya kesho. Miezi tisa, kama imeshika."

Miezi tisa! Chepkurui alikuwa amesikia kampuni kama hizi huahidi mwaka, kisha mwaka mwingine, kisha simu hazishikwi. Huyu alitaja muda bila hata kukohoa.

"Na isiposhika?"

"Unanipigia, narudi. Hiyo ya kurudia hatuitishi kitu."

Machozi yalimlengalenga. Aliwaona wakulima wa Roret na Soin wakikuza majani yake kwenye simu zao, na mwenyekiti akimpa mkono mbele ya mkutano. Alimwongezea mgeni chai mpaka ikamwagika kwenye sahani.

"Kwa hivyo mtatuunga mkono?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu." Mgeni alisimama, akatoa mfukoni glavu ndefu ya plastiki, akaanza kuivaa, akaivuta mpaka begani. "Sasa nionyeshe ng'ombe iko wapi, niipe mbegu kabla joto yake haijapita."

Kabla Chepkurui hajafumba mdomo, sauti ya Kogo Jerusa ilipaa kutoka zizini, akimfokea mgeni mwingine.

"Wewe daktari, wacha kurudi nyuma! Toa hiyo tai, kunja shati, ng'ombe haikuli!"