Miwani ya Kaloki

Jumatano mchana Wayua alisimama mbele ya mumewe akiwa na kisu cha jikoni, akamwelekezea kooni, akahesabu mpaka kumi. Kaloki hakushtuka. Aliendelea kubonyeza rimoti ya gemu kwa vidole gumba, miwani nyeusi ya VR imemfunika uso kutoka kwenye paji mpaka puani. Wayua akarudi jikoni, akakata vitunguu.

Miwani hiyo iliingia nyumbani kwao Matinyani kwa sababu televisheni haikuwepo tena. Kaloki aliipasua siku ya Pasaka, kwa kichwa cha Wayua. Daktari alitumia saa nzima kumtoa vipande vya kioo. Mwezi uliofuata Kaloki akaenda mjini Wote, akanunua miwani kwa jamaa aliyerudi kutoka Qatar, akaiunganisha na mashine yake ya zamani ya gemu. Hakuitumia kwa maajabu yoyote. Gemu ilikuwa ile ile ya mpira aliyoizoea, ila sasa, alivyosema mwenyewe, uwanja ulikuwa mpana kama ukuta wa kanisa.

"Nikivaa hii, Mama Nduku, wewe endelea na shughuli zako," alimwambia siku ya kwanza. "Mimi siko. Sioni mtu."

Basi kila alasiri ambayo lori lake halikuwa na mchanga wa kubeba, Kaloki aliketi kwenye kochi na kuvaa miwani, na Wayua akapata kupumua. Alipita mbele yake bila kuinamisha kichwa. Alilia mbele yake. Siku moja alivua blauzi pale pale sebuleni, akajipaka dawa kwenye makovu ya mgongo, na Kaloki hakugeuza hata shingo.

Kukimbia alishajaribu. Mwaka uliotangulia alitorokea Tseikuru kwa kaka yake Mulinge. Siku ya pili Kaloki alifika na lori na chuma cha kufungulia magurudumu. Alimvunja Mulinge magoti yote mawili mbele ya wanawe, kisha akampandisha Wayua kwenye lori kama gunia. Kesi haikufika popote, maana Mulinge mwenyewe aliogopa kutoa ushahidi.

Mwezi wa nane ikawa zamu ya Nduku, binti yao wa miaka tisa. Kosa lake lilikuwa uji kumwagika. Mkono wake ulivunjika mahali pawili, na Wayua aliusikia ukivunjika akiwa nje anaanua nguo. Mtoto alipelekwa Zombe kwa nyanya yake. Jumapili iliyofuata Kaloki alisimama kanisani, akalia mbele ya watu wote, akasema mikono hii si yake. Aliombewa. Tangu siku hiyo hakumgusa mtu. Alikula kidogo, alisema machache, akashinda ndani ya miwani.

Wayua hakudanganyika. Alishawahi kuiona miezi mitatu ya amani, na mwisho wake ulikuwa Pasaka.

Jumanne, nyanya alipiga simu kusema kwamba Kaloki atamchukua Nduku Jumamosi. Wayua alimfuata mumewe mlangoni, akamsihi amwache mtoto huko mpaka shule zifungwe, hata mpaka mkono upate nguvu. Kaloki alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo peke yake lilimtia hofu.

"Mtoto atarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Na mikono yangu mimi naijua."

Usiku huo Wayua hakulala. Jumatano akajaribu kisu. Alhamisi, saa tisa, akauchukua mchi.

Ulikuwa mchi wa kutwangia mahindi ya muthokoi, wa mti mgumu, mzito kuliko mtoto mchanga. Mlango wa jikoni ulitazamana na kochi, hatua sita tu. Wayua hakuona haja ya kuzunguka nyuma. Alivua ndala, akatoka akiwa ameushika mchi kwa mikono miwili, akaanza kwenda moja kwa moja.

Alipofika hatua ya tatu, vidole vya Kaloki vilitulia.

Wayua naye akasimama. Jasho lilimwingia machoni. Akajiambia kipindi cha kwanza kimeisha, wachezaji wamekwenda kupumzika. Kaloki aliweka rimoti gotini, polepole, akalaza viganja vyake kwenye mikono ya kochi kama mtu aliyekaa kwa kinyozi. Akainua uso kidogo.

Wayua alimaliza hatua zilizobaki, akainua mchi, akaushusha.

Pigo la kwanza lilimpata juu ya sikio, na mlio wake ulikuwa wa kibuyu kikipasuka. La pili lilimlaza upande. La tatu na la nne alipiga akiwa amefumba macho, akilitaja jina la Nduku, mpaka mchi ukateleza kwa damu na kumponyoka. Damu ilikuwa ukutani, kwenye kitambaa cheupe cha kochi, midomoni mwa Wayua. Kaloki hakuwa amepiga kelele. Mikono yake haikuinuka hata mara moja kujikinga.

Nje mbuzi alilia, akanyamaza.

Miwani ilikuwa imechomoka, imeangukia kifuani, ndani bado inawaka. Mwanga ule ulimsumbua Wayua kuliko damu. Alitaka kuuzima. Akapapasa kando, akabonyeza huku na huku, haukuzimika. Mwishowe akaifuta kwa leso na kuiweka machoni, atafute pa kuuzimia.

Hakukuta giza, wala hakujikuta ndani ya uwanja. Alikuta sebule yake, kama anaitazama kupitia dirishani: kochi, ukuta, mlango wa jikoni ulio wazi, mikono yake mwenyewe, myekundu, vidole vyote kumi. Mchezo wa mpira ulikuwa umening'inia hewani katikati ya chumba kama kalenda ukutani, wachezaji wameganda mguu juu, dakika ya ishirini na saba. Kaloki alikuwa ameusimamisha.