Simu Nyuma ya Ukuta

"Mama, hii kompyuta haichelewi kuamka kwa uzee," fundi alisema. "Kuna programu imewekwa mbele ya zingine zote. Lazima ipige simu kwanza."

Wamaitha, karani wa chama cha kahawa, alimtazama kwa jicho la pembeni. Asije akawa yeye ndiye aliyeiweka! Hesabu ya magunia ya kahawa ilikuwa humo ndani, na wezi walikuwa wakija ghala likijaa tu. Mwenyekiti wa chama alikuwa amewaambia polisi kwamba mwizi ni soja, mlinzi wa ghala, kaka yake Wamaitha, na sasa kaka huyo alikuwa rumande.

"Inampigia nani?"

"Sijui. Niiondoe, iamke haraka?"

"Wacha kwanza. Izime, halafu uiwashe."

Maandishi meupe ya Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, yalishuka kwenye kioo, yakasimama. Kisanduku cha kuiunganisha kompyuta na simu kikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Nyuma ya ukuta, katika ofisi ya mwenyekiti, simu ikaita. Kisha ikajibiwa, si kwa "haro" ya mtu, bali kwa mlio uleule wa kifaranga, mashine ikiijibu mashine.

"Usiguse kitu," Wamaitha alinong'ona, akivua viatu ili anyatie hadi mlango wa mwenyekiti.