Kumkagua Mkwe Juani

"Funika kama ulivyofunika uso wako!" alifoka yule mwanamke. "Tawi likibabuka, utanieleza!"

Bi Thắm alimeza hasira nyuma ya barakoa yake ya maua, akaongeza majani makavu ya mpunga juu ya tawi. Hakuja kusaidia kazi. Alikuja kupeleleza.

Jumapili mshenga angetaka jibu: je, Ngân, binti yake wa pekee, aolewe na Khôi, mwana wa Bi Út Lành wa kijiji cha jirani? Mshenga alikuwa amemsifu huyo mama mkwe mpaka povu likamtoka. Lakini kazi ya mshenga si ndiyo hiyo? Bi Thắm hakuwahi kumtia Bi Út Lành machoni, na hakuwa tayari kumtupa mwanawe asikokujua.

Ndipo akasikia Bi Út Lành anaomba watu wa ujima wamsaidie kuyakinga na jua matunda yake ya joka, mmea unaofanana na dungusi kakati, maana joto lilikuwa limepamba moto. Akaona hiyo ndiyo bahati yake. Huku mkoani Bình Thuận, mwanamke haendi shambani bila kofia pana, barakoa, glovu na soksi. Ukipishana na mumeo njiani, atakuamkia kama mgeni.

Alikuta wanawake wawili kwenye nguzo za saruji zinazobeba mimea hiyo, wamejifunika gubigubi. Hakuhitaji kuuliza mwenye shamba ni yupi. Mmoja alikuwa kimya, mwingine anafoka.

"Upande huu, huu wa mashariki!" alielekeza yule mfokaji.

Bi Thắm alishangaa. Mmea huu hubabuliwa na jua la alasiri, nalo hupiga magharibi. Hata mtoto anajua. Lakini shamba si lake, akanyamaza. Yule mkimya alikuwa akiwafuata nyuma, anayahamishia majani magharibi na kupaka matawi chokaa, bila neno.

"We bibi, kobe atakupita!" mfokaji alimpigia kelele. "Na maji ya kunywa yako wapi?"

Mkimya alimwonyesha mtungi kwa kidole.

Bi Thắm alijikaza, akatupa ndoano. "Na kijana wako, hajambo?"

"Kijana gani? Aa, Khôi! Kalala. Namsubiri mkewe aje amfulie. Mimi mgongo hauna kazi tena."

Bi Thắm alikwenda kunywa maji. Walipokutana mtungini, alimnong'oneza yule mkimya, "Mwenzangu, huyu mama unamvumiliaje? Ulimi pilipili tupu!"

"Mimi nimemjua leo," alijibu yule taratibu. "Ananichekesha."

Maskini, alidhani Bi Thắm, jua limempanda kichwani.

Jua lilipofika utosini, mfokaji alijishika kiuno. "Mkwe wangu akija, shamba lote hili lake. Na barakoa simpi. Ababuke, ajue ameolewa!"

Hapo uvumilivu ukaisha. Bi Thắm aliivua barakoa, machozi yakimlengalenga.

"Mama yake Ngân ndiye mimi! Binti yangu hakanyagi hapa, hata mniletee washenga wa mkoa mzima! Nilimlea kwa taabu, sikumlea aje kukaushwa kama dagaa!"

Aligeuka aondoke. Kwenye nguzo ya mwisho akaona tawi changa liko wazi, limeanza kuwa la manjano. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini mmea ulikuwa umemkosea nini? Akainama akalifunika vizuri, upande wa magharibi, huku akimlaani mwenye shamba na ukoo wake.

Mfokaji naye akavua barakoa, meno yote nje. "Asante, dada. Mshenga wako ndiye mshenga wangu. Nami nina binti, nilikuja kuchungulia kama wewe. Ulipoanza kuuliza habari za kijana, nikakujua, nikajifanya mwenye shamba. Sasa Khôi ni wetu."

Yule mkimya aliweka chini ndoo ya chokaa, akalitazama lile tawi lililofunikwa, akavua glovu, kisha barakoa. Mfokaji, akimdhania kibarua tu, hakumtazama hata kidogo.

"Mwenye shamba ni mimi," alimwambia Bi Thắm. "Harusi tuifanye lini?"