Choya za Mama

Fundi alipofika kuchimba msingi, alimkuta Bi Kasiani bustanini akibonyeza matunda ya choya, yale mekundu ya kutengenezea juisi. Mbegu zilikuwa bado mbichi. Kiwanja kilikwisha kuuzwa, na choya zile zilianzia kwa mama yake, aliyekuja na mbegu akiwa bi harusi, kazifunga kwenye pindo la khanga.

"Nipe siku tano, baba, zikauke nizichume."

"Mwenye kiwanja anataka tuanze leo, bibi."

"Haya."

Lakini mkono wake haukuliachia shina. Fundi akautazama, kisha akang'oa vigingi vya msingi vilivyosimama kando ya choya na kuvihamishia pembe ya mbali.

"Tutaanzia huku," akasema. "Na mimi mvivu, bibi. Siku tano sijafika hapo."

Jembe likaanza kulia kule, taratibu mno, na jua likapanda juu ya choya.